Kabla ya kuchagua gari la umeme, kagua yadi yako

Mkuu, umeuliza muanze na modeli gani kwa kuwa bosi anataka vani zenu za kusambaza mizigo zihamie kwenye umeme. Nasimamia kazi kama hiyo na hatua hiyo tumeshaivuka, kwa hiyo nakushauri kwa dhati: modeli iweke kando kwanza. Nenda yadi jioni magari yakirudi, uone yanalala wapi, yanaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi. Kisha muulize fundi umeme wenu laini iliyopo inabeba kilowati ngapi.

Piga hesabu hii. Vani ya mizigo hula takriban uniti (kilowati-saa) 25 hadi 35 kwa kilomita 100, kutegemea uzito na mwendo. Vani 10 zikitembea kilomita 150 kila moja, usiku zinahitaji kurudishiwa kama uniti 450. Ukizichomeka zote kwa pamoja kwenye chaja za kilowati 11, unavuta kilowati 110 kwa mpigo, na hapo huenda ukaambiwa utafute transfoma kubwa zaidi. Umeme huohuo ukigawanywa kwa saa 10 za usiku, hata ukiongeza unaopotea njiani, unavuta kilowati 50 hivi tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo nunua chaja zinazoweza kuwasiliana na kupokezana zamu. Usilipie chaja za kilowati 22 bila kuuliza gari linapokea kiasi gani. Kwenye umeme wa AC, yaani ule wa kawaida wa laini, kinachojaza betri ni kifaa kilichomo ndani ya gari, na kikiwa cha kilowati 11, gari litachukua 11 tu hata ulichomeke wapi.

Ombi la kuongezewa umeme lipeleke kabla ya kuagiza gari hata moja. Kwetu hakuna kilichochukua muda mrefu kama hicho. Na mkichimba mtaro wa nyaya, lazeni mabomba ya akiba humohumo, maana kuvunja zege mara ya pili kunauma sana.

Kuhusu ruti, usitumie wastani. Chukua siku mbaya kuliko zote ya kila gari: mzigo umejaa, barabara kuu, kiyoyozi au hita inafanya kazi, kisha uache asilimia 20 ya betri kama akiba. Kilomita zilizoandikwa kwenye kipeperushi zimepimwa kwa utaratibu maalumu, usizipangie kazi. Ruti zinazopita siku hiyo mbaya bila wasiwasi ndizo za kwanza kuhama. Za mbali ziache zisubiri, hata bosi akilalamika. Angalia pia uzito: betri ina mamia ya kilo, na kwenye baadhi ya magari kilo hizo zinapunguza mzigo unaoruhusiwa kubeba.

Jambo ambalo watu hawalifikirii ni tundu la kuchajia. Modeli nyingine linalo puani, nyingine ubavuni. Nimemwona dereva akiegesha kwa kurudi nyuma kama alivyozoea miaka yote, kisha waya ukapungua hatua moja kufika tunduni. Akageuza gari, akaziba njia ya mwenzake. Kabla ya kuchora mistari ya maegesho, azima gari lenyewe, liegeshe, vuta waya uone.

Madereva washirikishe mapema, tena wazoefu kwanza. Dereva anayeachia pedali ya mafuta mapema, gari likapunguza mwendo lenyewe huku likirudisha umeme kwenye betri, anafika mbali kuliko mwenzake mwenye gari lilelile. (Nasema "mafuta" kwa mazoea, hata kwetu bado wanaita hivyo.)

Mafundi wasiguse nyaya za rangi ya chungwa bila mafunzo. Zina volti 400, kwenye baadhi ya magari 800, na ukishazima mfumo lazima usubiri na upime kabla ya kufungua chochote. Hakuna oili ya injini, lakini tairi huisha haraka kwa sababu ya uzito na nguvu ya kuondokea, na diski za breki hushika kutu kwa kutotumika sana. Betri ndogo ya volti 12 bado ipo, nayo ikifa gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa.

Weka hapa rekodi ya safari za wiki kadhaa na uwezo wa laini yenu, tuone pamoja ni magari mangapi yanaweza kuanza.