Kutoka wodini kwenda kwenye ushauri wa menejimenti

Dadangu, umeuliza kama muuguzi wa miaka saba hapa Malindi anaweza kuingia kampuni za ushauri wa menejimenti, zinazolipwa kushauri mashirika namna ya kuendesha shughuli zao, bila kurudi chuo. Anaweza. Mimi nilitoka wodini vivyo hivyo, na shahada ya biashara sikuwa nayo.

Kinachowaangusha wengi ni usaili. McKinsey na BCG, kampuni kubwa za ushauri zenye ofisi Nairobi, hukupa tatizo ulifumbue kwa sauti mbele yao. Mathalani: kaunti ina wagonjwa 60 wa figo, inahitaji mashine ngapi za kusafisha damu? Hili wewe unalijua kuliko mhasibu yeyote. Kila mgonjwa huja mara mbili kwa wiki, kikao cha muda wa saa nne. Mashine moja ikifanya zamu tatu kwa siku sita ni vikao 18, yaani wagonjwa tisa. Basi mashine saba, na ya akiba juu yake, kwa kuwa moja haikosi kuharibika. Jizoeze hivi kila jioni, mtu akikusikiliza.

Wasifu wako uandike upya. "Nilihudumia wagonjwa" haitoshi. Sema foleni ya kliniki ilipungua kwa muda gani ulipobadilisha mpango wa kadi.

Kazi usiiache kabla hujashika barua ya ajira mkononi. Na leseni ya uuguzi, tafadhali, usiiache ikaisha muda.