Nilikuwa Najenga Kimara, Mwanangu Akatembea Mabibo

Juzi mdogo wangu mmoja, msomaji, kaniandikia: "Dada, nina miaka 27, nataka nihamie kwangu kabla sijafika 30. Harusi siendi, vikao vya ukoo siendi, Krismasi ya pili hii sijaenda nyumbani. Mbona nachoka na furaha siioni?"

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikashindwa. Huyo ni mimi wa mwaka 2012.

Kiwanja nilikinunua 2011, Kimara, Dar es Salaam, pua na mdomo na barabara ya Morogoro. Nilijiona nimewazidi watu akili: ukitoka mlangoni unapanda gari, na mbele unaweka fremu mbili za biashara. Nilikuwa nauza vitenge, mzigo nachukua Kariakoo, naishi chumba kimoja Mabibo. Kila shilingi ilikuwa na kazi yake kabla haijaingia mkononi: hii saruji, hii nondo, hii ya fundi, ambaye hakuna siku mchanga ulimtosha. Nikipokea upatu, hela hailali ndani. Jumapili nashinda saiti nahesabu tofali kama vile zina miguu.

Binti yangu alizaliwa nyumba ikiwa kati ya msingi na linta. Ndivyo ninavyokumbuka umri wake, kwa hatua za ujenzi, na sijivunii. Jioni moja mama mwenye nyumba ananiambia, "Mwanao anatembea tangu juzi, umemwona lakini?" Nikasema nimemwona. Uongo mtupu. Siku zote mbili nilirudi usiku, mtoto kalala. Kesho yake nilitakiwa kubaki nyumbani nimwone. Nilikwenda kusimamia zege.

Tulihamia 2015, bila plasta, bila dari. Sitawachosha na hayo, kila aliyejenga kidogo kidogo anayajua.

2017 watu wa barabara wakapita na rangi nyekundu wakatuchorea X ukutani, alama ya kubomolewa. Barabara inapanuliwa, na hifadhi yake, yaani eneo lake lisiloruhusiwa kujengwa, ni mita 121.5 kila upande. Mimi nilikuwa ndani ya hizo mita, na fremu zangu zote mbili. Fidia sikupata. Leo ni njia nane, kilomita 19.2 kutoka Kimara mpaka Kibaha, na kwa kweli foleni imepungua. Nasema hivyo kwa shida.

Siku ya kubomoa nilishatoa bati na nondo za madirisha. Nikakaa na mwanangu juu ya gunia, tunakula mihogo ya kukaanga, kwa kuwa sikuwa na pa kwenda wala cha kusimamia. Nikamwona anafuta pilipili kwenye muhogo kwa kidole, taratibu, kipande kwa kipande. Miaka mitano nimemzaa, sikujua kwamba hali pilipili. Nililia, watu wakadhani nalilia nyumba.

Kuna ndugu yangu aliniambia wiki ileile, "Si ulikuwa huji kwenye vikao, unajenga?" Nimemsamehe. Lakini maneno nimeyahifadhi.

Mwaka mzima baada ya hapo niliishi na picha ya ile X kwenye simu. Mteja akija dukani namwonyesha. Nilikuwa nimehama Kimara mwili tu. Siku niliyoifuta sikuwa na ujasiri wowote, simu ilijaa na nilitaka nafasi ya picha za vitenge. Nikashangaa kifua kimekuwa chepesi. 2019 nikaanza upya, Kibaha, vyumba viwili. Leo nalala kwangu na sidaiwi na mtu, wanaonicheka waje wahesabu tofali.

Sasa mdogo wangu, nisikilize. Kwanza, ukitaka kiwanja, usimwamini dalali, nenda mwenyewe ukaulize mipaka ya hifadhi ya barabara. Pili, weka siku ya wiki isiyo ya saiti. Nasema siku, usiniletee habari ya masaa mawili huku simu ya fundi iko sikioni. Tatu ni ileile ya pili, maana najua utaipuuza. Ninyi vijana mnaweka malengo kwenye kadi ya "kabla ya 30" kana kwamba mama zenu nao wamesimamisha kuzeeka wakiwasubiri mpaue. Mama yako anazeeka wewe ukiwa kwenye linta. Nenda Krismasi. Saruji itakuwepo Januari, bei ikipanda imepanda.

Binti yangu sasa ananizidi kimo. Tukipita Kimara kwa basi bado nageuza shingo kushoto. Ilipokuwa sebule yangu siku hizi kuna mtaro wa maji ya mvua. Huwa ananiuliza naangalia nini, nami namwonyesha jiko lilipokuwa. Anasema hakumbuki jiko lolote. Anakumbuka mihogo.