Theluji Kibo mwezi Aprili: tazama kimo cha sifuri, achana na picha ya wingu

Mkuu, umesema una wageni wanne wa Kilimanjaro, njia ya Machame, siku saba, wanaingia getini tarehe 8 Aprili. Programu moja ya simu inakuambia kileleni zitashuka sentimita 40 za theluji, nyingine inakuchorea jua. Unauliza uamini ipi, na kama ukodi vyuma vya kufunga kwenye buti.

Zote mbili ziweke kando kwanza. Kompyuta za utabiri huigawa dunia vipande vipande: ile ya Ulaya (ECMWF) kilomita 9 hivi kila kipande, ya Marekani (GFS) kilomita 13 hivi. Kwa vipande vya ukubwa huo, Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ndani ya kompyuta ni kichuguu kilichopitiwa na greda, kifupi mno kuliko mita 5,895. Programu inachukua mvua ya hicho kichuguu, inashusha joto kwa hesabu, kisha milimita 10 za maji inaziita sentimita 10 za theluji. Wakati masika ya upande wa Machame na Kibosho humwaga maji mengi kwenye msitu, mita 2,000 hadi 2,500, na ukipanda juu ya hapo mvua inazidi kupungua. Hizo sentimita 40 zako kwa sehemu kubwa ni mvua ya msituni iliyopandishwa kileleni na hesabu.

Namba ya kuitafuta ni kimo cha sifuri, yaani urefu ambapo joto la hewa linafika nyuzi 0. Kwetu mara nyingi kinacheza karibu na mita 4,700 hadi 5,000. Theluji huendelea kushuka mita 200 au 300 chini ya hapo kabla haijayeyuka. Kwa hiyo kikiwa 4,800, kambi ya Barafu (mita 4,670 hivi) mtaamka hema limekuwa jeupe. Kikiwa 5,200, Barafu mnanyeshewa maji matupu na theluji mtaikuta njiani usiku. Kuna mtego mmoja: manyunyu makali ya alasiri yanaipoza hewa yenyewe na kukivuta kimo hicho chini, ndiyo maana pale kwenye mwamba wa Lava Tower (mita 4,600) watu hupigwa na theluji ya maji siku ambayo utabiri ulisema mvua ya kawaida.

Namba ya pili ni upepo wa ngazi ya hPa 500, yaani urefu ambapo shinikizo la hewa ni hektopaskali 500. Huku kwetu ngazi hiyo iko karibu mita 5,860, karibu sawasawa na kilele cha Uhuru, kwa hiyo ndio upepo mtakaoukuta kule juu. Barafu ikiwa nyuzi 0, Uhuru itakuwa kama −8. Ukijumlisha upepo wa kilomita 40 kwa saa, mwili unahisi −18. Mimi naogopa upepo huo kuliko theluji ya kufika kifundoni.

Utabiri wa siku kumi utumie kujua mwelekeo tu. Wa msimu na wa siku kumi chukua wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), na tahadhari zao za siku tano usizipuuze, maana radi na mvua kubwa ndizo zinazoharibu njia. Ratiba yako inakupa usiku wa samiti (kupanda kileleni) tarehe 12 kuamkia 13. Utabiri wenye maana kwa usiku huo ni wa kuanzia tarehe 10. Mtandao juu ni wa kubahatisha, basi mwachie mtu wa Moshi kazi ya kukutumia meseji kila jioni yenye mambo matatu: kimo cha sifuri, upepo wa hPa 500, mvua ya alasiri. Mtu huyo huyo atoke nje saa 12 asubuhi akaitazame Kibo kabla mawingu hayajaivaa, maana ikifika saa 4 imeshajifunika. Akutajie weupe umeishia wapi. Na kuanzia Aprili jua limeegemea kaskazini, hivyo upande wa kusini, ambao ndio mtaupanda kutoka Barafu, hushika theluji siku nyingi zaidi.

Sasa vyuma. Kodi vile vya mpira na mnyororo, vyenye meno mafupi ya sentimita moja hivi, usikodi krampon za meno marefu. Krampon inataka buti lenye soli ngumu. Ukiifunga kwenye buti laini la kutembelea, soli inapinda, chuma kinachomoka kisigino katikati ya mteremko. Vijaribuni Moshi mjini, kila mgeni na buti lake mwenyewe: mpira uvutike kwa nguvu, mnyororo usilegee chini ya unyayo. Msivivae toka Barafu, changarawe na mawe vitavimaliza bure. Kipimo ni fimbo: ikidunda badala ya kuzama, na buti haliachi alama, simameni mfunge hapo hapo, mikono ikiwa bado na glavu nyembamba. Anayesubiri hadi ateleze atafunga na vidole vilivyokufa ganzi. Geta, vile vifuniko vya kuzuia theluji isiingie butini, ni lazima, miwani ya giza pia. Theluji mbichi inarudisha sehemu kubwa ya mionzi ya jua machoni, na mgeni atakayevua miwani Stella, pale ukingoni mwa kreta, apige picha, jioni atalia macho.

Mpira wa kunyonyea maji utaganda. Kila ukinywa, puliza maji yarudi kwenye mfuko wake. Chupa zilale kichwa chini ndani ya soksi, barafu huanzia juu.

Ila msimu huu kinachorudisha watu zaidi ni maji ya siku tatu za kwanza kuliko hiyo theluji. Siku ya Lava Tower mnatembea saa nyingi kwenye mvua ya nyuzi 2 au 4, mnashuka kambi ya Barranco mmelowa, na jua la kukausha halipo. Seti moja ya nguo za ndani, soksi na glavu ifungwe kwenye mfuko wa nailoni na isiguswe mpaka Barafu. Na wagumu, yaani wapagazi, je? Hema lililolowa linaongeza kilo kadhaa kwenye mzigo wenye kikomo cha kilo 20. Ongeza wapagazi badala ya kuwazidishia, na hakikisha kila mmoja ana reinikoti na buti zima kabla ya geti. Mitumba ya soko la Memorial, Moshi, haikosi.

Mtu akikushawishi mkatize kwa Western Breach, njia ya kupandia kileleni upande wa magharibi, kwa sababu "theluji imeshika vizuri", kataa. Mawe ya kule yanashikwa na barafu, ikilegea yanashuka. Januari 2006 yaliua wapandaji watatu.

Usiku wenyewe ondokeni saa 6 kama kawaida, mrudi Stella kabla ya saa 3 asubuhi. Baada ya hapo ganda la juu linalainika, mguu unazama hadi gotini, na kufika saa 5 wingu limeshapanda hamuoni alama za njia. Theluji mpya ikifika magoti kabla ya mita 5,300, geuzeni. Radi ikisikika mkiwa bado kambini, msiondoke.