Pawa seva haipunguzi uniti, na friji haili gesi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Mbagala na mume wangu na watoto watatu. Zamani uniti 56 zilitufikisha wiki mbili, siku hizi zinakata siku ya tisa na hatujaongeza kifaa chochote. Tuna friji ya zamani ya milango miwili, tivii na king'amuzi, feni mbili, pasi na taa. Friji inanguruma usiku kucha bila kupumzika, ingawa barafu inagandisha vizuri, tena nene. Fundi wa mtaani anasema gesi imepungua, niongeze. Kijana mwingine ananiuzia pawa seva ya kuchomeka ukutani, anadai inakata matumizi nusu. Alinionyesha kwa ile mita ya kubana waya na namba ikashuka kweli. Nianze na ipi?

JIBU: Marahaba mama. Usianze na yoyote. Pesa ya pawa seva irudishe kwenye pochi, na ya gesi pia.

Hesabu yako inajieleza yenyewe. Uniti 56 kwa siku 14 ni uniti 4 kwa siku. Kwa siku 9 ni kama 6.2. Zinapotea uniti 2 na ushei kila siku. Friji ya zamani yenye kompresa ya wati 120 ikipumzika inavyotakiwa hutumia kama uniti 1.2 kwa siku. Isipozima kabisa inafika 2.9. Tayari umeona sehemu kubwa ya hasara ilipo, na hakuna kidude cha ukutani kitakachoizimisha hiyo kompresa.

Sasa hiyo mita ya kubana waya, maana ndiyo inayowaponza watu. Ukiivunja pawa seva utakuta kapasita moja ndogo, kizuizi cha umeme (rezista) kimoja au viwili na kitaa cha kijani. Basi. Kazi ya kapasita ni kushughulikia ule umeme ambao mota ya feni inauchukua na kuurudisha mara 100 kwa sekunde bila kuutumia, kama mtu anayekopa asubuhi na kurudisha jioni. Mkopo huo unapita kwenye waya, ndiyo maana mita ya kubana inauona kama ampea. Kapasita ya maikrofaradi 5 kwenye volti 230 hubeba kama ampea 0.36, kwa hiyo feni ikiwa inazunguka namba inashuka na muuzaji anatabasamu. Lakini LUKU ya nyumbani haihesabu ampea. Inahesabu wati zilizoliwa mara saa, na hizo hazikuguswa. Wateja wakubwa kama viwanda hutozwa pia kwa mzigo wa kVA, yaani unaohesabu na huo mkopo, na huko kapasita zina maana, ila ni makabati yanayopimwa na mhandisi, siyo kiboksi cha kushika mkononi.

Akirudi huyo kijana, mwambie azime feni, awashe birika la umeme, kisha achomeke kidude chake. Birika la wati 2,000 linavuta karibu ampea 8.7 na litaendelea kuvuta hizohizo, kwa sababu kifaa cha joto hakina mkopo wa kurudisha. Au mpeleke kwenye LUKU. Kwenye uso wa mita kuna kitaa chekundu kinachopepesa na maandishi kama 1000 imp/kWh, maana yake kupepesa mara 1,000 ni uniti moja. Mhesabieni kupepesa kwa dakika 10 feni zikiwa zimewashwa na pawa seva ikiwa imechomekwa, kisha dakika 10 nyingine bila hiyo pawa seva. Sijui atabaki na hoja gani baada ya hapo.

Kitaa hicho ndicho kipimo chako cha bure. Chomoa kila kitu uache friji peke yake, kisha upime sekunde kati ya mpepeso mmoja na mwingine. Kwa mita ya 1000, gawanya 3,600 kwa sekunde hizo: sekunde 30 ni wati 120. Kama mita yako imeandikwa 1600, gawanya 2,250. Halafu chomoa na friji. Kitaa kikiendelea kupepesa huku kila kifaa kimechomolewa na taa zimezimwa, kuna waya unavuja au kuna mtu anakula kwako. Hapo mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, usiparamie mwenyewe.

Friji yenyewe. Ingekuwa gesi imepungua, baridi ingekuwa hafifu na barafu ingeshika kona moja tu. Wewe una barafu nene, maana yake hewa yenye unyevu inaingia, na njia yake ya kawaida ni mpira wa mlango. Bana noti ya shilingi elfu moja kwenye mlango, funga, ivute. Ikitoka bila kukaza, mpira hapo umelegea. Jaribu pande zote nne za milango yote miwili. Upande wa bawaba ndio unaosahaulika. Osha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana mafuta na makombo ya chakula huuzuia kushika. Uliopinda unaweza kunyooka ukiupasha kwa hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele. Uliochanika ununuliwe mwingine.

Yeyusha barafu kwa kuzima friji, siyo kwa kisu. Kisu kikitoboa bomba la alumini, hapo ndipo utahitaji gesi kweli. Vuta friji itoke ukutani kama sentimita 10 na upige brashi ule wavu mweusi wa nyuma ikiwa imechomolewa. Kisha rudisha kitufe cha baridi namba za kati; namba kubwa ni baridi zaidi, wengi wanadhani kinyume. Kompresa ikikataa kuzima hata ukishusha hadi namba 1, themostati imeganda au kile kijibomba chake kimechomoka mahali pake. Ni kipuri cha bei ndogo ukilinganisha na kompresa.

Kuhusu gesi, mama, na wengine wote mnaosoma: gesi ya friji haitumiki ikaisha. Inazunguka kwenye bomba lililozibwa miaka yote. Ikipungua, kuna tundu. Fundi anayeongeza bila kutafuta tundu anawauzia gesi itakayokuwa hewani baada ya muda mfupi. Na siyo hewa tupu: kilo moja ya R134a, mojawapo ya gesi za friji, inapasha dunia joto kuliko tani nzima ya kaboni dayoksaidi, ndiyo sababu nchi zilikaa Kigali mwaka 2016 kukubaliana kupunguza gesi za aina hiyo. Friji nyingi za sasa zina R600a, ambayo inawaka moto, na hujazwa kwa gramu, mara nyingi chini ya 100. Soma kibandiko cha kwenye kompresa. Fundi asiye na mzani, au anayejaza "gesi yoyote iliyopo", msimfungulie mlango.

Taa za nyuzi badilisheni mweke LED, na king'amuzi kichomoeni usiku, maana kikizimwa kwa rimoti bado kinaendelea kula. Ukinunua uniti mara ya kwanza katika mwezi ukapata pungufu, ni kodi ya jengo inayokatwa humo tangu 2021. Siyo mita inayokimbia. Wapo pia wanaojitolea "kurekebisha" mita kwa sumaku au kuruka waya. Huo ni wizi wa umeme, na mita ikihisi imefunguliwa inajizima hadi shirika la umeme lije.

Waliokwisha kununua pawa seva waichomoe leo. Nyingi hazina fyuzi, na kapasita ya bei chee ikizidiwa na volti huvimba na kuungua ikiwa nyuma ya pazia. Msishike pini zake mara baada ya kuchomoa: kapasita isiyo na kizuizi cha kuimaliza umeme inaweza kubaki na volti zaidi ya 300. Iwekeni mahali ambapo watoto hawafiki, kisha mpelekeeni fundi wa elektroniki, msiitupe jalalani inakochomwa.