Faili ndani ya hifadhidata, na muunganisho unaokatika bila kueleza kwa nini

Picha inafunguka nusu: juu inaonekana vizuri, chini ni kijivu kitupu. Faili ya PDF iliyopakiwa siku hiyohiyo inagoma kabisa kufunguka, na programu haijatoa kosa lolote. Ukikutana na hali hii kwenye MySQL, usianze kuparua msimbo. Pima kwanza ukubwa wa kilichohifadhiwa:

SELECT id, LENGTH(data) FROM viambatisho ORDER BY id DESC LIMIT 20;

Kama safumlalo kadhaa zimegota kwenye 65535 kamili, umeshapata jibu. BLOB (safuwima ya data ya baiti) ya kawaida hubeba baiti 65,535 tu, pungufu ya kilobaiti 64 kwa baiti moja. TINYBLOB hubeba 255, MEDIUMBLOB takriban megabaiti 16, LONGBLOB takriban gigabaiti 4. Hali ya ukali (strict mode, inayokataa data isiyoenea) ikiwa imezimwa, MySQL hukata kilichozidi, ikaacha onyo ambalo hakuna anayelisoma, kisha ikaendelea na kazi. Tangu toleo la 5.7 hali hiyo huja ikiwa imewashwa, na badala ya kukata kimyakimya hutoa kosa namba 1406. Ila seva nyingi zenye programu za zamani zimezimwa hali hiyo kwenye sql_mode makusudi ili msimbo wa kale usilalamike. Geuza safuwima iwe MEDIUMBLOB, rudisha STRICT_TRANS_TABLES (jina la hali hiyo ya ukali), kisha waombe wenye faili wazipakie upya, maana baiti zilizokatwa hazimo popote.

Je, faili ziingie kwenye hifadhidata kabisa?

Wapo wanaosema "kamwe", na wapo wanaotupia kila kitu humo. Ukubwa wa faili ndio unaoamua, kuliko mapenzi ya mtu. Mwaka 2006 watafiti wa Microsoft, Jim Gray akiwa mmoja wao, walilinganisha SQL Server na mfumo wa faili wa NTFS. Kwa faili zilizo chini ya kilobaiti 256 hifadhidata ilishinda. Kwa zilizozidi megabaiti 1 mfumo wa faili ulishinda. Katikati ilitegemea faili zinaandikwa upya mara ngapi. Diski zimebadilika sana tangu hapo, lakini mwelekeo bado unafaa kufuatwa. Watunzaji wa SQLite nao walipima vipicha vya takriban kilobaiti 10 na kukuta vinasomeka kwa kasi zaidi kwa asilimia 35 vikiwa ndani ya hifadhidata kuliko vikiwa faili mojamoja, kwa kuwa gharama ya kufungua na kufunga kila faili haipo tena.

Kwa hiyo saini, risiti, picha ndogo za wasifu na nyaraka ambazo lazima zizaliwe na kufa pamoja na safumlalo yake, ziweke ndani bila wasiwasi. Video, sauti ndefu na picha za kamera zenye megabaiti nane kila moja zikae nje.

Sababu si kasi peke yake. Faili moja ikiingia kwenye hifadhidata haiandikwi mara moja. Inaandikwa kwenye logi ya InnoDB (injini ya uhifadhi ya MySQL), kwenye kurasa za data, kwenye binlog (kumbukumbu ya mabadiliko) kama imewashwa, kisha yote hayo yanarudiwa kwenye kila seva nakala. Halafu inakuja bekapu. mysqldump yenye --hex-blob, ambayo unaihitaji ili data ya baiti isiharibike njiani, huandika kila baiti kwa herufi mbili za heksadesimali. Gigabaiti 20 za picha zinakuwa 40 kabla ya kubanwa, na kuzirejesha ni kazi ya saa nyingi wakati ambapo wote wanasubiri.

PostgreSQL ina mtego wake. Kikomo cha bytea, safuwima yake ya baiti, ni gigabaiti 1, lakini usikiegemee. Hapo pia maandishi ya heksadesimali huzidisha ukubwa mara mbili, hivyo faili ya megabaiti 600 inaweza kuingia salama ikitumwa kama baiti ghafi, kisha pg_dump ikashindwa kuitoa. Utakuja kuligundua siku ya bekapu.

Ukiamua kuweka ndani, tenga majedwali mawili. Moja libebe jina, aina, ukubwa, SHA-256 (alama inayokokotolewa kutoka kwenye baiti za faili) na tarehe. La pili libebe kitambulisho na data tu. Sababu ni SELECT *. Fremuweki nyingi huvuta safuwima zote usipozikataza, na ukurasa unaoorodhesha nyaraka 50 unajikuta unabeba megabaiti 100 kwenye memori ili kuonyesha majina tu. PostgreSQL huhamishia thamani zinazozidi takriban kilobaiti 2 kwenye jedwali la pembeni liitwalo TOAST, kwa hiyo safuwima nyingine husomeka haraka, lakini ukiomba zote zitaletwa zote. Kwa JPEG, ZIP na vingine ambavyo tayari vimebanwa, zuia jaribio la kuvibana tena:

ALTER TABLE nyaraka_data ALTER COLUMN data SET STORAGE EXTERNAL;

Amri hii inagusa safumlalo mpya tu. Na tafadhali usihifadhi base64 (baiti zilizogeuzwa kuwa herufi) kwenye safuwima ya maandishi. Unaongeza theluthi moja ya ukubwa bila faida yoyote.

Ukiamua kuweka nje, zingatia mpangilio wa hatua, kwa kuwa mfumo wa faili haujui habari za muamala (transaction) wa hifadhidata. Wakati wa kuhifadhi, andika faili kwanza, hakikisha imefika diskini, ndipo uingize safumlalo. Wakati wa kufuta, futa safumlalo kwanza, faili baadaye. Umeme ukikatika katikati, utabaki na faili yatima inayokula nafasi, jambo ambalo ni afadhali mara mia kuliko safumlalo inayoelekeza kwenye faili isiyokuwepo. Jina la faili lisiwe lile alilolileta mtumiaji. Tumia SHA-256 yake, herufi 64, na herufi mbili za mwanzo ziwe jina la folda, upate folda 256 badala ya moja yenye mamilioni ya faili. Jina la asili likae kwenye jedwali.

Faili kubwa hukwama wapi

Faili ikitoka kwenye kivinjari hupita milango kadhaa, na kila mlango una kipimo chake. Nginx, seva ya wavuti, hukataa chochote kinachozidi megabaiti 1 kwa kosa 413, hadi ubadilishe client_max_body_size. PHP huja na upload_max_filesize ya megabaiti 2 na post_max_size ya megabaiti 8. Ukivuka hiyo ya pili, $_POST na $_FILES hufika zikiwa tupu kabisa, na msimbo wako unalalamika kuhusu sehemu za fomu ambazo mtumiaji amezijaza vizuri. Baada ya hapo kuna memory_limit, kikomo cha memori cha PHP. Mwisho kabisa kuna max_allowed_packet ya MySQL: megabaiti 4 katika toleo la 5.7, megabaiti 64 katika 8.0.

Huu wa mwisho ndio unaodanganya watu. Ukiuvuka, mara nyingi hupati ujumbe unaotaja ukubwa. Seva inakata simu, nawe unapokea kosa 2006, "MySQL server has gone away". Watu wanakimbilia kuchunguza mtandao na kumlaumu mwenye seva. Kipimo chake ni rahisi: pakia faili ya kilobaiti 100, kisha ya megabaiti 5, kisha ya 20. Kama mpaka wa kushindwa ni uleule kila mara, mtandao hauhusiki.

SHOW VARIABLES LIKE 'max_allowed_packet';
SET GLOBAL max_allowed_packet = 134217728;

Thamani mpya huonwa na miunganisho mipya tu, kwa hiyo washa upya programu yako, na uiandike pia chini ya [mysqld] kwenye faili ya mipangilio, vinginevyo itapotea seva ikizimwa. Kumbuka kwamba upande wa mteja una kikomo chake: programu ya mysql huishia megabaiti 16 na mysqldump megabaiti 24 usipoziambia vinginevyo. Ndiyo maana bekapu inaweza kukatika ilhali programu ya wavuti inafanya kazi.

Muunganisho ukigoma

Ukurasa unaosema tu "hitilafu ya hifadhidata" ni sawa kumwonyesha mgeni, lakini kwenye logi ujumbe wa asili na namba yake lazima viwepo. Namba hiyo hukuambia umefika wapi kabla ya kuzuiwa.

"Connection refused", namba 111 kwenye Linux, maana yake mashine imejibu lakini hakuna anayesikiliza kwenye poti hiyo. Ama seva imezimika, ama inasikiliza 127.0.0.1 peke yake. Tumia ss -ltnp (huorodhesha poti zinazosikilizwa) kwenye mashine ya hifadhidata: ukiona 127.0.0.1:3306 au 127.0.0.1:5432, rekebisha bind-address kwa MySQL au listen_addresses kwa PostgreSQL, kisha uiwashe seva upya. Usiifungue kwa dunia nzima; anwani ya mtandao wa ndani inatosha.

Muda ukiisha bila jibu lolote, namba 110, mara nyingi faiwali inameza pakiti au anwani si sahihi. Kuwasha upya hifadhidata hapa ni kupoteza muda.

Kosa 1045, au "password authentication failed" kwa PostgreSQL, lina habari njema ndani yake: mtandao uko sawa, umefika mlangoni. Kwenye MySQL mtumiaji ni jina pamoja na mahali anapotoka, hivyo 'duka'@'localhost' na 'duka'@'10.0.0.%' ni watu wawili wenye nenosiri na ruhusa tofauti. Nenosiri likiwa ndani ya anwani ya muunganisho, alama kama @ na # lazima ziandikwe %40 na %23, la sivyo anwani inakatwa pasipostahili. Kosa 1130 linasema mashine yako haimo kabisa kwenye orodha. PostgreSQL husema "no pg_hba.conf entry": ongeza mstari kwenye faili hiyo, kisha SELECT pg_reload_conf(), inatosha bila kuzima chochote.

Neno localhost linastahili tahadhari ya peke yake. Kwenye Linux, wateja wengi wa MySQL wakiona localhost hawatumii TCP. Hutafuta faili ya soketi (njia ya mawasiliano ndani ya mashine hiyohiyo), na isipokuwa mahali walipoitarajia unapata kosa 2002 ingawa seva inafanya kazi. Andika 127.0.0.1 uone kama hali itabadilika. Ndani ya kontena, kama la Docker, localhost ni kontena lenyewe, si mashine iliyolibeba. Tumia jina la huduma kama lilivyo kwenye faili ya Compose.

Na majaribio yote yafanyike kutoka pale programu inapokaa. Kuunganisha kutoka kompyuta yako ya mezani hakuthibitishi chochote kuhusu seva ya wavuti. Ingia humo, anza na nc -vz anwani 3306, kisha mteja wa mstari wa amri kwa jina na nenosiri lilelile linalotumiwa na programu.

Kosa linalotokea asubuhi tu, kwenye ombi la kwanza, kisha likapona lenyewe ukiburudisha ukurasa, husababishwa na muunganisho uliolala. MySQL hufunga uliokaa kimya sekunde 28,800, yaani saa 8, na vifaa vya mtandao vya katikati vina subira fupi zaidi: lango la NAT la AWS huachia baada ya sekunde 350. Programu haijui na inajaribu kuutumia. Kwenye SQLAlchemy, maktaba ya Python, washa pool_pre_ping (hupima muunganisho kabla ya kuutumia) na uweke pool_recycle (umri wa kuubadilisha) fupi kuliko kikomo kifupi zaidi njiani.

Miunganisho ikijaa, piga hesabu kabla ya kugusa mipangilio. PostgreSQL huruhusu 100, na 3 kati yake ni za msimamizi, zinabaki 97. SQLAlchemy isiyobadilishwa hufungua 5 na kuruhusu 10 za ziada kwa kila mchakato. Seva mbili zenye michakato minne kila moja zinaweza kudai 120. Siku za utulivu hutaona kitu. Siku ya shughuli nyingi utasomewa "too many clients already". Kupandisha max_connections hadi 1000 ni dawa mbaya, kwani kila muunganisho wa PostgreSQL ni mchakato kamili unaokula memori. Punguza akiba ya miunganisho ya kila mchakato, au weka PgBouncer, inayogawia wengi miunganisho michache, katikati. Angalia pia pg_stat_activity: safumlalo zenye hali ya "idle in transaction" kwa dakika nyingi ni za msimbo uliofungua muamala ukasahau kuufunga.

Hapa ndipo faili zinaporudi kukudai. Programu inayosoma faili kutoka hifadhidata na kuimimina moja kwa moja kwa mtumiaji hushikilia muunganisho hadi baiti ya mwisho ipokewe. Simu yenye intaneti ya taratibu inaweza kuchukua dakika mbili kwa megabaiti 10. HikariCP, akiba ya miunganisho ya programu za Java, huja na miunganisho 10. Wapakuaji kumi wa namna hiyo wanatosha kuziba kila kitu, hata ukurasa wa kuingia usio na faili yoyote, na baada ya sekunde 30 wengine wote wanapata "Connection is not available". Hifadhidata yenyewe wakati huo haina kazi. Ukiangalia CPU utaiona imetulia kabisa. Soma faili yote, au imimine kwenye faili ya muda kama ni kubwa, rudisha muunganisho, ndipo uanze kumtumia mtumiaji. Weka pia ETag (kitambulisho cha toleo la faili kinachotumwa kwa kivinjari) ukitumia ile SHA-256 ya jedwalini, ili kivinjari chenye nakala kijibiwe 304, yaani haijabadilika, bila jedwali la data kuguswa.