Jibu: Vipande vya mkwinini vinageuka kahawia ndani ya chupa

Ndugu yetu wa Kadutu, umeuliza kwa nini vipande vyako vya mkwinini (mti ambao gome lake hutoa kwinini, dawa ya malaria), unavyootesha kwenye jeli ya virutubisho ndani ya chupa ili kupata miche, vinakuwa kahawia na kufa hata pale ambapo ukungu haujaonekana. Kama ukungu hakuna, usikimbilie kulaumu javeli uliyosafishia vipande. Jeraha la kisu hutoa fenoli, yaani kemikali za kujikinga za mmea, nazo zikikutana na hewa hugeuka kahawia, zikaenea kwenye jeli na kuua tishu. Chungulia chini ya kipande: utaona duara jeusi likipanuka kuanzia pale ulipokata.

Kata ncha changa zenye kichipukizi, acha shina lililokomaa. Ziloweke kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye vitamini C. Weka chupa gizani siku chache za mwanzo, na duara likianza tu, hamishia kipande kwenye jeli mpya. Wengine huongeza mapema kwenye jeli mkaa ulioamilishwa, yaani mkaa uliotengenezwa ili unyonye kemikali. Mimi naungoja hadi hatua ya mizizi, maana hunyonya pia homoni za kukuzia ulizonunua kwa bei kali.

Jeli ni ile ya Murashige na Skoog ya 1962 (mchanganyiko wa madini na vitamini za mmea), sukari gramu 30 kwa lita, pH (kipimo cha uchachu) 5.8, halafu ipashe kwa nyuzi 121 kwa dakika 20 ili kuua vijidudu. Sufuria ya presha inatosha. Umeme ukikatika katikati, anza kuhesabu upya.

Nakuomba sana, usichukue vyote kwenye mti mmoja. Miche yote itakuwa pacha, na ugonjwa wa mizizi ukiingia shambani utaifagia yote. Chagua miti kadhaa ambayo magome yake yamepimwa kiasi cha kwinini.