Wadogo zangu makocha, msiwakimbize wote pamoja

Jumamosi nimepita Uwanja wa Lake Tanganyika hapa Kigoma, nikakuta kocha kijana kawapanga pamoja vijana wa soka, mabondia wawili na mabinti wa netiboli. Wote raundi ishirini za kuzunguka uwanja. Nikamuuliza sababu. "Shikamoo mwalimu. Si fitinesi ni fitinesi tu?" Maneno hayohayo niliwahi kuyasema mimi. Basi sikieni.

1. Soka: mchezaji asiye kipa anamaliza kilomita 10 hadi 12 kwa mechi, lakini mabao mengi yanatoka kwenye mbio fupi za kushtukiza. Wapeni hizo.

2. Netiboli. Mimi nilitokea kwenye soka, nikaamini mchezo mgumu ni wenye uwanja mkubwa. Mabinti nikawapa raundi mpaka wakawa na pumzi ya ajabu, nikaridhika. Sikujiuliza mchezo wao unadai nini. Ukidaka huruhusiwi kutembea na mpira, una sekunde 3 uutoe. Yaani unaruka, unatua, unafunga breki papo hapo, mara nyingi kwa mguu mmoja, robo nne za dakika 15. Kutua sikuwafundisha hata siku moja.

Robo ya tatu ya mechi moja, GA wetu, mmoja wa wafungaji wawili, akaruka, akadaka, akatua mguu umenyooka. Goti likaingia ndani. Mlio niliusikia nikiwa benchi. Mama yake akaja mbio kutoka mwalo wa samaki wa Kibirizi, magamba ya migebuka bado yamenata kwenye kanga, akaniuliza, "Mwalimu, nani kamsukuma?" Hakuna aliyemsukuma. Nikamwambia uwanja ulikuwa na mchanga.

Uongo ule ulininyima usingizi mwezi mzima. Nikaenda Kibirizi kumweleza kwamba kosa lilikuwa langu. Alinisikiliza huku anaanika dagaa, hakuinua kichwa. Binti hakucheza tena.

Siku hizi binti hagusi mpira kwangu kabla hajaruka kutoka juu ya tofali na kutua mara kumi, magoti yamekunjwa, nami nimechuchumaa mbele yake nayatazama.

3. Ngumi za kulipwa za wanaume: dakika 3 kazi, 1 kupumzika. Saa ya mazoezi ifuate hiyo.

4. Hata marathoni si pumzi tupu. Mwanariadha wetu Alphonce Simbu, mwaka 2025 kwenye mashindano ya dunia pale Tokyo, baada ya kilomita 42.195, alichukua dhahabu kwa sekunde 0.03. Ile ni spidi ya mwisho, nayo hufanyiwa mazoezi.

Yule kijana nimemwachia tofali mbili. Jumatatu jioni napita kumwangalia.